Lois Weber: Mwigizaji, Mwandishi na Mwongozaji katika Enzi ya Filamu Bubu

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya filamu, Kiswahili kimejijengea majina matatu ya watenda ambayo aghalabu hutajwa kwa pamoja: mwigizaji, mwandishi na mwongozaji. Kila jina limeundwa kutokana na kitenzi chake, na kila moja linadokeza kazi mahususi. Anayeigiza huonekana, anayeandika hutunga kisa, anayeongoza huamua kamera iwekwe wapi, mwigizaji asimame wapi na tukio lipi litangulie lipi. Mgawanyo huu wa majina waweza kumfanya msomaji adhani kwamba kazi hizo tatu zilikuwa zimetengana tangu mwanzo. Historia haisemi hivyo. Katika miaka ya mwanzo ya sinema, na hasa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika, haikuwa ajabu mtu mmoja kutunga kisa, kukiigiza yeye mwenyewe na kusimamia upigaji wa picha zake.

Mifano maarufu ya watu wa aina hiyo ni D. W. Griffith, Mmarekani, na Charles Chaplin, Mwingereza aliyepata umaarufu wake Marekani. Wote wawili walianza kama waigizaji, na majina yao yamo katika kila kitabu cha historia ya filamu. Jina la Lois Weber (1879–1939) halijapata bahati hiyo, ijapokuwa katika miaka ya katikati ya muongo wa 1910 alihesabiwa miongoni mwa waongozaji mashuhuri kabisa wa Marekani, wanaume kwa wanawake. Kwa muda mrefu baada ya kifo chake alitajwa kwa kupitiwa tu, pale ilipobidi kuthibitisha kwamba wanawake nao waliwahi kuongoza filamu.

Makala haya yanaeleza safari ya Weber kutoka uigizaji hadi uandishi na uongozaji. Hoja inayotetewa ni kwamba mchango wake haukuwa wa kuwa mwanamke wa kwanza katika hili au lile. Mchango wake ulikuwa wa lugha. Kwa kuwa kazi zote tatu zilikuwa mikononi mwake, aliweza kuichukulia skrini kama chombo cha kujengea hoja, akasaidia kuunda baadhi ya kanuni za usimulizi wa picha ambazo leo zinaonekana za kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo, kiwanda cha filamu kilipozitenganisha kazi hizo, yeye ndiye aliyepoteza zaidi.

2.0 Kutoka Jukwaani hadi Mbele ya Kamera

Florence Lois Weber alizaliwa tarehe 13 Juni 1879 huko Allegheny City, jimbo la Pennsylvania, mji ambao baadaye uliunganishwa na Pittsburgh. Alilelewa katika familia iliyoshika sana dini, akafundishwa piano hata akafikia kiwango cha kupiga mbele ya hadhira. Katika ujana wake alishiriki pia kazi ya uinjilisti miongoni mwa maskini wa mjini, akiimba na kupiga kinanda mitaani. Tajiriba hiyo haikupotea. Kuwakabili wapita njia ambao hawakuja kusikiliza, na kuwafanya wasimame, ni mafunzo ya balagha, na athari ya mafunzo hayo inaonekana wazi katika filamu zake.

Alipoingia katika tamthilia alijiunga na vikundi vilivyozunguka kutoka mji hadi mji. Humo alikutana na mwigizaji Phillips Smalley, nao wakaoana mwaka 1904. Kwa miaka mingi iliyofuata wawili hao walifanya kazi kwa pamoja, na filamu zao nyingi za awali zilitangazwa kwa majina yao wote wawili. Hata hivyo, watafiti wa baadaye wamebainisha kwamba utungaji wa visa na maamuzi makuu ya kisanaa mara nyingi yalikuwa ya Weber.

Mnamo mwaka 1908 hivi, Weber alianza kazi katika tawi la Marekani la kampuni ya Kifaransa ya Gaumont. Kampuni hiyo ilikuwa ikijaribu mtambo uitwao Chronophone, uliooanisha picha na sauti iliyorekodiwa kwenye sahani ya santuri. Weber aliigiza, akaandika na kuongoza filamu fupi za mtambo huo. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu mtu huyu ambaye historia inamweka katika enzi ya filamu bubu alianza kwa kufanya kazi na filamu zenye sauti. Alipozihamia filamu zisizo na sauti, alikuwa anafahamu vema kile kilichokosekana, na kwa hiyo kile kilichopaswa kufidiwa na picha.

Kutoka Gaumont, Weber na Smalley walihamia kampuni ya Rex, iliyosimamiwa na Edwin S. Porter, mmoja wa waanzilishi wa usimulizi wa filamu nchini Marekani. Rex ilipomezwa na kampuni ya Universal mwaka 1912 na Porter kuondoka, wawili hao walichukua usimamizi wake. Utaratibu wa kazi ulikuwa mgumu. Filamu fupi za ukanda mmoja, zenye muda wa dakika kumi na kidogo, zilitakiwa kutolewa mfululizo. Weber alitunga visa, akaviongoza, na mara nyingi akashika nafasi ya mhusika mkuu. Mwaka 1913 alichaguliwa kuwa meya wa Universal City, makazi ya studio za kampuni hiyo huko California, na mwaka 1916 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha waongozaji wa filamu cha nchi hiyo.

3.0 Suspense na Sarufi ya Wakati

Filamu za mwanzo kabisa zilisimulia visa kwa njia ya mfuatano. Mtu alionekana akiingia chumbani. Kisha akaonekana akichukua kitu. Kisha akaonekana akitoka. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, usimulizi wa aina hii unaeleweka haraka, kwa sababu ni ule wa kiambishi -ka-: akaingia, akachukua, akatoka. Kiambishi hiki kinapanga matendo kama shanga katika uzi, moja baada ya jingine. Lakini Kiswahili kina pia kiambishi -ki-, kinachomwezesha msimulizi kuyashika matendo mawili kwa wakati mmoja: mwizi alikuwa akivunja mlango, mke akipiga simu, mume akisikiliza. Katika sinema ya mwanzo, -ka- ilipatikana bila taabu. Ilikuwa -ki- ambayo ilibidi itafutwe.

Griffith alitoa jawabu moja. Katika The Lonely Villa ya mwaka 1909 alirukaruka baina ya mahali na mahali: nyumba inayovamiwa, barabara anayopita mume, kisha nyumba tena. Hadhira ilijifunza kuelewa kwamba picha zinazofuatana hazina budi wakati mwingine kuchukuliwa kuwa zinatendeka pamoja. Hata hivyo, kwa macho bado zilifuatana.

Mwaka 1913 Weber na Smalley walitoa filamu fupi iitwayo Suspense, neno lenye maana ya hali ya kuwekwa roho juu. Kisa chake kinakaribiana na kile cha Griffith. Mtumishi wa nyumbani, akiwa amechoshwa na upweke wa mahali pale, anaandika barua ya kuaga, anaacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni na kuondoka. Ndani amebaki mke pamoja na mtoto mchanga. Mzururaji mmoja ameyaona yote hayo. Mke, anayeigizwa na Weber mwenyewe, anampigia simu mumewe aliyeko kazini mjini. Hapo ndipo skrini inapogawanywa katika pembetatu: mume yumo katikati, mke yuko upande mmoja na mzururaji upande wa pili, wote wakionekana kwa pamoja. Mtazamaji halazimiki tena kukisia kwamba matendo yale yanatokea wakati mmoja, kwa kuwa anayaona yakitokea. Mbinu ya kugawa skrini ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine, hususan katika kuonyesha mazungumzo ya simu. Weber aliipa kazi ya kisarufi: kuyafunga matendo matatu katika sentensi moja, na kumfanya mzururaji asikike, kama ingewezekana kusema hivyo, ndani ya mazungumzo ya watu wasiojua kwamba yupo karibu kiasi kile. Muda mfupi baadaye waya wa simu unakatwa, na sentensi nayo inakatika.

Mbinu nyingine mbili za filamu hiyo zinastahili kutajwa. Mume anaiba gari ili awahi nyumbani, naye mwenye gari pamoja na polisi wanamfukuza. Badala ya kuonyesha magari mawili barabarani kwa picha ya mbali tu, Weber anaonyesha kioo cha pembeni cha gari la mbele, na ndani ya kioo hicho wafukuzaji wakikaribia. Picha moja inabeba anayefukuzwa, anachokiona na hofu yake. Aidha, mke anapochungulia dirishani kutoka ghorofani, kamera inatazama chini moja kwa moja, na mzururaji anainua uso kuikabili. Hapa nafsi ya usimulizi inabadilika. Hadhira iliyokuwa ikimtazama mke kama nafsi ya tatu inawekwa mahali pake na kutazama kwa macho yake.

Yafaa kusisitiza kwamba uamuzi wa namna hii si rahisi kufikiwa na mwigizaji peke yake, wala na mwandishi asiyefika studioni. Mwigizaji anajua hofu inavyoonekana usoni. Mwandishi anajua kisa kinahitaji hofu hiyo ifike wakati gani. Mwongozaji anajua kamera inaweza kuwekwa wapi. Katika Suspense watu hawa watatu walikuwa mtu mmoja.

4.0 Filamu kama Hoja

Baada ya mwaka 1913 Weber alianza kutengeneza filamu ndefu. Mwaka 1914, akiwa na Smalley, alitoa The Merchant of Venice, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi (1969). Weber aliigiza nafasi ya Portia. Filamu hiyo, inayotajwa kuwa ya kwanza yenye urefu kamili kuongozwa na mwanamke nchini Marekani, haijasalia.

Iliyosalia ni Hypocrites ya mwaka 1915, yaani wanafiki. Inasimulia visa viwili vinavyooana. Katika kisa cha kale, mtawa aitwaye Gabriel anachonga sanamu ya Ukweli katika umbo la mwanamke asiyevaa nguo, na watu wanapoiona wanamuua. Katika kisa cha sasa, mchungaji wa kanisa la mjini, anayeigizwa na mwigizaji yule yule, anahubiria waumini wasiotaka kusikia. Ukweli mwenyewe anapita katikati ya watu kama kivuli chenye mwanga, akiwashikia kioo wanasiasa, matajiri na wanafamilia. Athari hiyo ilipatikana kwa kupiga picha mara mbili juu ya ukanda mmoja, kazi iliyohitaji vipimo vya uangalifu mkubwa. Filamu ilipigwa marufuku Ohio, na inasimuliwa kwamba meya wa Boston alitaka umbo la Ukweli lipakwe nguo, picha kwa picha. Kama habari hiyo ni sahihi, basi meya alikuwa amekitimiza kisa chenyewe bila kujua.

Mwaka huo huo wa 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri lililotokea Ohio, kwamba filamu ni biashara tu na hivyo haikingwi na haki ya uhuru wa kujieleza. Uamuzi huo haukutenguliwa hadi mwaka 1952. Kwa hiyo Weber alikuwa akijenga hoja kwa kutumia chombo ambacho sheria ya nchi yake ilikataa kukitambua kuwa ni lugha. Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1916 peke yake alishughulikia adhabu ya kifo, uraibu wa kasumba, umaskini wa wasichana wafanyakazi na suala la uzazi.

Filamu iliyozusha mjadala mkubwa kuliko zote ilikuwa Where Are My Children? ya mwaka 1916, yaani wako wapi wanangu? Mwendesha mashtaka anamshtaki daktari anayeeneza maarifa ya kuzuia mimba, bila kujua kwamba mkewe mwenyewe amekuwa akitoa mimba kwa siri. Filamu inaunga mkono uzuiaji wa mimba na kulaani utoaji wake. Ilipigwa marufuku Pennsylvania, lakini penginepo ilivuta umati mkubwa. Mtafiti wa leo hana budi kutambua kwamba baadhi ya hoja zake zinategemea nadharia za wakati ule kuhusu watu wanaostahili na wasiostahili kuzaa, nadharia ambazo zimekataliwa kisayansi na kimaadili. Kulitaja jambo hili si kumpunguzia Weber hadhi. Ni kumchukulia kama mtoa hoja, na mtoa hoja huhojiwa.

Kwa upande wa lugha, mwisho wa filamu hiyo ni wa kutazamwa kwa makini. Mume na mke wameketi kimya kando ya moto. Watoto ambao hawakuzaliwa wanajitokeza kama vivuli karibu nao, kisha kadiri wenzi wanavyozeeka, vivuli navyo vinakuwa watu wazima. Kile ambacho sarufi ingekieleza kwa -nge- au -ngali-, yaani lau wangalizaliwa wangalikuwa hapa, Weber amekieleza kwa picha. Hali ya sharti lisilotimia ni miongoni mwa mambo magumu kabisa kuyasema bila maneno.

Katika Shoes, pia ya mwaka 1916, sauti imeshushwa. Eva, msichana muuza duka, analipwa dola 5 kwa juma na anailisha familia nzima. Baba hana kazi, naye ashinda akisoma vitabu. Mama anafua nguo za watu. Wako wadogo zake watatu. Viatu vya Eva vimetoboka, na kila usiku anakata vipande vya karatasi ngumu kuziba nyayo. Mvua inaponyesha, karatasi inalowana na kuyeyuka. Hatimaye anauza utu wake ili apate viatu. Anaporudi nyumbani, baba anatangaza kwamba amepata kazi. Filamu haiongezi mahubiri makubwa juu ya hapo. Karatasi, mvua, kioo cha dirisha la duka na jozi ya viatu vimekwisha kueleza. Nafasi ya Eva ilishikwa na Mary MacLaren, kwani kufikia wakati huo Weber alikuwa akipunguza kuigiza. Ila ile namna ya kumwacha mwigizaji atende kidogo, na kuziacha nyayo ziseme, inaonyesha mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera na kujua kiasi kinachotosha.

5.0 The Blot: Kile Kilichoonwa na Kile Kisichoonwa

Mwaka 1917 Weber alianzisha kampuni yake mwenyewe huko Los Angeles. Alipenda kupiga picha katika nyumba halisi badala ya majukwaa ya studio, na kuyapiga matukio kwa utaratibu wa kisa kila ilipowezekana, ili waigizaji wakue pamoja na wahusika wao. Kazi iliyokomaa kuliko zote za kipindi hiki ni The Blot ya mwaka 1921, yaani doa.

Doa linalozungumzwa ni malipo duni ya watu wanaoishi kwa elimu. Profesa Griggs anafundisha chuoni vijana wa matajiri ambao hawamsikilizi, huku mshahara wake hautoshi kuilisha familia. Zulia la sebuleni limechakaa, kiti kimetoboka, viatu vya mkewe vimekwisha. Jirani yao ni mshona viatu mhamiaji ambaye biashara yake inakwenda vizuri, na meza yake imejaa. Binti wa profesa, Amelia, anafanya kazi maktabani. Anapendwa na mchungaji maskini na pia na Phil West, mwanafunzi tajiri wa baba yake, aliyeigizwa na Louis Calhern. Msomaji yeyote aliyewahi kukaa karibu na chuo, mahali popote duniani, hahitaji kuelezwa kwamba kisa hiki hakijapitwa na wakati.

Kilele cha filamu kinahusu kuku. Amelia ni mgonjwa na anahitaji chakula cha kumpa nguvu. Dirishani kwa jirani kuna kuku aliyekwisha pikwa. Mama anajizuia, anasogea, anajizuia tena, mwishowe anamchukua. Mara dhamiri inamshika, anamrudisha. Amelia, akitazama kutoka ndani, ameona tendo la kwanza na hakuona la pili. Msimulizi angeweza kusema: mama akamchukua, akamrudisha. Kwa binti, sentensi imekatwa katikati, na kuanzia hapo anaishi akiamini kwamba mama yake ni mwizi. Hadhira inajua sentensi nzima na haiwezi kumwambia.

Hapa inaonekana umbali ambao Weber alikuwa ameusafiri tangu Suspense. Katika filamu ile ya awali tatizo lilikuwa kuwafanya watazamaji waone kila kitu kwa wakati mmoja. Katika The Blot suala ni nani ameona nini, na nani hakuona. Skrini haigawanywi tena kwa mistari, kwa kuwa mgawanyo umo ndani ya ujuzi wa wahusika. Hadhira inaelewa bila kuandikiwa. Maandishi yanayotokea baina ya picha, ambayo filamu bubu nyingi ziliyategemea kueleza fikra za mhusika, hapa yanaachiwa kazi ndogo, na kazi kubwa inafanywa na macho ya mtu dirishani.

6.0 Kuporomoka na Kusahauliwa

Filamu hii ilitoka wakati ambapo nafasi ya Weber ilikuwa imeanza kuyumba. Mkataba wake na kampuni kubwa ya usambazaji ulivunjika mwaka 1921, na The Blot ikasambazwa na kampuni ndogo. Ndoa yake na Smalley ilivunjika mwaka 1922. Wapo waandishi waliolichukulia jambo hili la pili kuwa sababu ya kushuka kwake, kana kwamba kipaji kilikuwa cha mume. Maelezo hayo hayatoshelezi, kwa kuwa kazi zake bora za mwisho alizifanya katika kampuni yake, na baada ya talaka aliongoza tena filamu kadhaa, zikiwemo The Marriage Clause ya mwaka 1926 na The Angel of Broadway ya mwaka 1927.

Sababu zenye uzito zaidi ni mbili. Kwanza, ladha ya watazamaji ilibadilika baada ya vita. Filamu zenye mafunzo zilianza kuonekana kama mahubiri, na wahakiki waliomsifu mwaka 1916 walimchoka mwaka 1921. Pili, na muhimu zaidi, muundo wa kiwanda wenyewe ulibadilika. Katika miaka ya 1920 kampuni chache kubwa zilishika utengenezaji, usambazaji na majumba ya maonyesho kwa pamoja. Ndani ya studio kazi ziligawanywa: idara ya waandishi, idara ya uhariri, na mtayarishaji mkuu mwenye kauli ya mwisho. Mtu aliyezoea kutunga, kuchagua waigizaji, kuongoza na kukata ukanda wake aligeuka kuwa mtu asiye na chumba. Wanawake waongozaji, waliokuwa wengi kabla ya mwaka 1920, walitoweka hivi kwamba kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 Dorothy Arzner alibaki karibu peke yake katika studio kubwa za Hollywood.

Filamu ya mwisho ya Weber, White Heat ya mwaka 1934, ilipigwa Hawaii. Ilikuwa filamu yake pekee yenye urefu kamili iliyokuwa na sauti, robo karne baada ya majaribio ya Chronophone. Haikufanikiwa. Weber alifariki tarehe 13 Novemba 1939. Gharama za mazishi zililipwa na rafiki yake Frances Marion, mwandishi wa filamu aliyepata kufundwa kazi naye.

Kusahauliwa kwake kulichangiwa pia na hali ya kanda zenyewe. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa malighafi inayooza na kushika moto kwa urahisi, na studio hazikuona faida ya kuzitunza. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulikadiria kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimepotea kabisa. Katika kazi za Weber, sehemu ndogo tu imesalia, na nyingine ina mapengo. Historia ya filamu, kama ilivyo historia ya fasihi simulizi, huandikwa kutokana na kile kilichohifadhiwa, na aghalabu kisichohifadhiwa hudhaniwa kuwa hakikuwepo.

Hali hiyo imeanza kurekebishwa. Mwaka 1996 Anthony Slide alitoa kitabu kizima juu ya maisha na kazi za Weber, na mwaka 2015 Shelley Stamp akatoa kingine kilichochimba zaidi. Filamu zake tatu zimeingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazopaswa kuhifadhiwa: Where Are My Children? mwaka 1993, Shoes mwaka 2014 na Suspense mwaka 2020.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba safari ya Lois Weber kutoka uigizaji hadi uandishi na uongozaji haikuwa ya kupanda ngazi, ambapo mtu huacha kazi moja na kushika iliyo bora. Ilikuwa safari ya kuziunganisha kazi hizo mpaka zikawa tendo moja la usemi. Kwa njia hiyo alishiriki kuipa sinema namna ya kusema kwamba mambo mawili yanatendeka pamoja, kwamba jambo fulani lingalitokea na halikutokea, na kwamba mtu mmoja ameona nusu tu ya ukweli. Lugha nyingi zina viambishi, viunganishi au vitenzi vya kuyaeleza hayo. Sinema haikuwa navyo, na ilibidi watu wavitunge.

Wanaotunga lugha kwa kawaida hawaachi majina yao. Hakuna anayejua ni nani aliyeitumia -ki- kwa mara ya kwanza. Lakini sinema ni lugha changa, na baadhi ya watungaji wake bado wanaweza kutambuliwa kwa majina, kanda zao zikiwahiwa kabla hazijaoza. Kwa taaluma ya Kiswahili, ambayo imeanza kuzichukulia filamu kama matini zinazostahili uhakiki sawa na riwaya na tamthilia, mfano wa Weber unafundisha mambo mawili. Filamu isomwe jinsi inavyosema, si kile inachokisema tu. Na kanda za filamu, zikiwemo zile zilizotengenezwa Afrika Mashariki, zihifadhiwe mapema, ili mtafiti wa kesho asiwe kama Amelia dirishani, aliyeona kuku akichukuliwa na hakuona akirudishwa.